Chumba cha Mandhari ya Ziwa: Nilivyomtafutia Mama Hoteli Mwanza

Mama alizaliwa Magu, mkoani Mwanza kwenye Ziwa Victoria, akaolewa Dodoma, na huko ndiko alikotulelea. Mwaka huu ametimiza miaka sabini. Nilipomuuliza anataka zawadi gani, alisema anataka kulala mahali ambapo akifumbua macho tu analiona ziwa. Kisha akaongeza, "Na pawe pazuri, siyo gesti." Nikaweka akiba miezi mitano, na mwezi wa sita tukapanda gari kupitia Singida na Shinyanga.

Tulikaa siku tatu, hoteli mbili. Majina nayaacha. Meneja anaweza kuhama kesho na mpishi keshokutwa, lakini dirisha halihami, na nimerudi kutoka Mwanza nikiamini kwamba hoteli ya fahari ya ziwani unainunua kwa dirisha lake kabla ya kitu kingine chochote.

Ya kwanza iko mjini. Picha zake za mtandaoni ndizo zilizonikamata: mapokezi ya marumaru nyeusi yenye kingo za dhahabu, taa ya vioo ikining'inia kutoka ghorofa ya pili, makochi ya mahameli ya kijani. Na kweli yapo, na yanang'aa. Kitanda kilikuwa kizuri, taulo nene, wasichana wa mapokezi wakimshika Mama mkono na kumwamkia kwa heshima zote. Nimelipia chumba cha "mandhari ya ziwa". Nilipofungua pazia nikaona bati la jirani, matangi mawili meusi ya maji, na kule mwisho kabisa, katikati ya matangi hayo, ukanda wa buluu unaolingana na upana wa kanga iliyokunjwa. Mama alisimama pale dirishani muda mrefu. Halafu akaniuliza taratibu, "Ziwa lenyewe liko wapi, mwanangu?"

Sijawahi kuona aibu kama ile. Umeme ulikatika saa tano usiku, na jenereta lilikuwa chini ya dirisha letu hilohilo.

Jambo lililonikera zaidi ni bei. Nilitajiwa kwa dola, dola 130, kisha wakanigeuzia shilingi kwa kiwango chao wenyewe walichokiandika kwenye karatasi pale mezani. Msikubali hilo. Tangu tarehe 28 Machi 2025 kuna kanuni zinazokataza bidhaa na huduma ndani ya nchi kutangazwa au kulipiwa kwa fedha za kigeni. Nilipowakumbusha, wakanipigia hesabu upya na ikashuka. Ulizeni bei kwa shilingi, na muulize kama kodi ya ongezeko la thamani imo, maana asilimia 18 juu ya chumba cha gharama hiyo si hela ya kusahau.

Asubuhi nilimwacha Mama akinywa supu (supu yao nzuri, niseme haki), nikachukua bajaji hadi Capri Point. Safari hii sikutazama picha hata moja. Niliingia hoteli tatu, na kila moja nikaomba jambo moja: nionyesheni chumba chenyewe, chenye namba, nitakacholala mimi, siyo cha mfano.

Asiyeijua Mwanza aelewe hivi. Capri Point ni rasi iliyojitokeza kutoka mjini, mgongo wake ni mawe. Upande wa magharibi unatazama ghuba, na ng'ambo ya maji ndiko Sengerema. Jua huzama huko karibu na saa moja jioni, na ndiyo sababu kila hoteli hutangaza vyumba vya upande huo. Wasichokwambia ni kwamba jua hilohilo huanza kuingia chumbani tangu saa nane mchana, na kama paa halijatokeza vya kutosha mbele ya roshani, utakaa na pazia umelifunga mchana kutwa huku kiyoyozi kikihangaika. Hoteli mbili za mwanzo ziliniangusha hapo. Ya tatu, paa lake lilikuwa limetokeza kama ukingo wa kofia, kivuli kikilala juu ya roshani nzima. Nikasema hapa.

Napenda nieleze ilivyojengwa, kwa sababu uzuri wake uko humo. Hawakupasua jiwe. Jabali la itale lenye kimo cha watu wawili limeingia ndani ya ukumbi wa chakula, ukuta wa kioo umekatwa kulifuata, na meza zimepangwa kulizunguka. Ukigusa jiwe hilo jioni bado lina joto la mchana. Samani ni za mninga, hazina nakshi nyingi. Kwenye kuta wametundika vikapu na nyungo za Kisukuma, vitu ambavyo Mama alivitazama kimoja kimoja akitaja vilikuwa vya kazi gani. Bafuni kuna dirisha jembamba linalotazama mawe, na humo mijusi ya kichwa chekundu na mwili wa buluu hupanda na kushuka kuota jua. Wao ndio wenyeji halisi wa miamba hii. Kwangu mimi huo ndio mtindo: ukiamka unajua uko Mwanza. Marumaru nyeusi ningeiona popote.

Tatizo la hoteli za mwambani ni ngazi. Kutoka mapokezi hadi chumba nilichokipenda nilihesabu ngazi 46, na magoti ya Mama hayawezi. Nilikuwa nimeshakata tamaa, ndipo kijana wa mapokezi akaniambia, "Dada, kama mama ana shida ya miguu, tuna vyumba viwili chini kabisa, gari linafika mlangoni." Havimo kwenye tangazo lao. Kwa hiyo ukisafiri na mzee, uliza ngazi kabla ya kuuliza bwawa. Bei ilikuwa shilingi 380,000 kwa usiku, kodi na kifungua kinywa ndani yake.

Mama alipoletwa, mhudumu aliyemfungulia mlango alimsalimu, "Mwangaluka, mayu!" Mama akaitikia na kumshika mkono, na hapo Kisukuma kikaanza, wakatafutana ukoo dakika kumi nzima mizigo ikiwa bado nje. Kisha akaenda roshanini. Maji yalikuwa pale mbele, hakuna bati, hakuna tangi. Akavua viatu, akakaa. Sikumsemesha.

Chakula: agiza sato mzima wa kuchoma, siyo minofu. Walituletea na ugali wa muhogo bila kutushangaa. Mama alisimulia kwamba utotoni mwake samaki wa kila siku alikuwa furu, na kwamba sangara alipozidi ziwani furu wakapungua hadi watoto wa siku hizi hawawajui. Asubuhi, kati ya mikate na mayai, kulikuwa na sahani ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga. Alikula hiyo peke yake, akarudia. Hoteli ya gharama ile kuweka michembe mezani bila haya ni jambo lililonigusa.

Usiku wa pili ndio nitakaoukumbuka. Ilikuwa giza, mwezi haupo, na nyakati hizo ndipo wavuvi wa dagaa hutoka, kwa kuwa taa zao huvuta dagaa vizuri zaidi mbalamwezi isipokuwepo. Tuliona mji mzima wa taa juu ya maji, zikiyumba. Lakini siku hizohizo za giza ndipo na wale wadudu wadogo wa ziwani huibuka kwa wingi, wanakuja kama moshi na kufuata mwanga. Mjini tungefunga madirisha. Hapa walizima taa nyeupe zote za nje, wakabakiza za manjano hafifu, na madirisha yote yana wavu mzima usiotoboka. Ukikagua chumba, pitisha kidole kwenye wavu.

Alfajiri radi ilituamsha, kama kawaida ya ziwa hili kupenda kunyesha usiku. Mama alikuwa tayari amekaa kitandani akitazama.

Malipo ya hoteli ile hayakuniondolea kila kero. Intaneti chumbani ilikuwa dhaifu, ikabidi nipande mapokezi kutuma kazi. Chakula cha jioni siku ya kwanza kilichukua saa nzima na dakika kumi, na hakuna aliyekuja kutuambia kinachoendelea. Bwawa ni dogo, watu wanane wamelijaza. Na msijidanganye kwamba mtaoga ziwani: wafanyakazi wenyewe walituonya kuhusu kichocho, nikawashukuru kwa ukweli huo.

Jambo jingine nililolipenda ni kwamba hawakujenga hadi majini. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo ziachwe, na mwaka 2024 ziwa lilipojaa, wengi walioubana ukingo waliona maji yakiingia kwao. Hapa kati ya roshani na maji kuna mawe, miti na pimbi. Siku ya mwisho tulipanda boti kwenda Saanane, hifadhi ya taifa tangu 2013 na ndogo kuliko zote nchini. Hata hiyo tulipangiwa na mapokezi bila kuongezewa hata senti.

Nimeshaweka nafasi ya Desemba, chumba kilekile cha chini, kwa ajili ya Mama na dada yake anayetoka Magu. Kabla ya kuchagua tarehe nilitazama kalenda ya mwezi, maana Mama amesema dada yake lazima azione zile taa.