Koti la pamba la mvua: nunua nini cha kulifulia na kulipaka

Koti langu la kwanza la nta, yaani la pamba iliyopakwa nta isipitishe mvua, liliharibika siku nilipolipeleka kwa dobi. Nilikuwa nimelichagua mwenyewe kwenye rundo la mitumba: zito, kijani iliyofifia, lina harufu ya mshumaa uliozimwa sasa hivi. Dobi alilifua kama anavyofua kila kitu, kwa maji ya moto na sabuni ya unga, na kosa lilikuwa langu kwa kutomwambia. Nilipofika kulichukua, maji ya beseni yalikuwa na utando wa mafuta rangi ya chai, na mabegani koti lilikuwa limetoka mabaka meupe. Wiki ileile nikanyeshewa njiani kwenda Uwemba. Hata sijafika kwenye shamba la kwanza la viazi, shati lilikuwa limeshanigandia mgongoni.

Huku Njombe, juu ya mita 1,800, mvua ya kwenye pikipiki si jambo la mzaha. Ndiyo maana najali sana makoti haya, na ndiyo maana nakupangia hapa vitu vya kununua, kuanzia ninachokitumia mwenyewe hadi kile ambacho nisingekigusa hata nikipewa bure.

Kabla hujatoa hela, jua una pamba gani, maana kinachoponya moja huua nyingine. Pitisha ukucha juu ya kitambaa. Ukiacha mstari mweupe, na kitambaa kinanata kidogo vidoleni, hilo ni koti la nta. Lebo yake mara nyingi ina picha ya beseni lililopigwa msalaba, yaani usifue. Ni aina ya makoti ambayo Barbour wa South Shields, Uingereza, kampuni iliyoanza mwaka 1894, wamejulikana nayo, na mwaka 1936 walitoa suti ya nta ya waendesha pikipiki. Kwa hiyo mtu wa bodaboda anayelivaa leo hajapotea njia.

Kama hakuna nta, ila kitambaa ni pamba tupu iliyofumwa kwa kubanana mno, huenda umepata Ventile, kitambaa kilichobuniwa Manchester wakati wa Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya marubani wa Uingereza waliokuwa wakiangukia bahari ya barafu. Siri yake iko kwenye uzi: ukilowa unavimba, na matundu yanajiziba. Aina ya tatu ni pamba iliyochanganywa na poliesta, kama G-1000 ya Fjällräven wa Sweden, yenye poliesta asilimia 65 na pamba asilimia 35. Kwenye mitumba hii ndiyo ninayokutana nayo zaidi, hasa suruali.

Sasa manunuzi yenyewe. Nafasi ya kwanza naipa nta ya nyuki na mishumaa, uchanganye mwenyewe. Nta tunayo nchini, na Tabora na Singida zinajulikana kwa nyuki. Nilipomuuliza mama anayeniuzia asali kama anayo, alinitolea donge la njano ukubwa wa ngumi. "Chukua kaka, mafundi viatu wananunua hii hii wapake uzi."

Nachukua mishumaa meupe sehemu mbili na nta sehemu moja. Nta ikiwa peke yake inakuwa ngumu, na kwenye baridi inapasuka kwenye mikunjo ya viwiko. Kwa koti la nta naongeza vijiko viwili vya vaselini ili mchanganyiko ubaki laini. Kwa suruali ya poliesta siongezi kitu. Usiweke mafuta ya alizeti wala ya kula yoyote, yatachacha, na panya watalipenda koti kuliko wewe. Yeyushia kwenye kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji, kamwe si juu ya moto wenyewe, kwa sababu nta ikizidi joto inawaka.

Koti la nta lipake kwa sponji mchanganyiko ukiwa bado moto, ukikazia mishono, mabega na viwiko, kisha pitisha draya ya saluni mpaka ule weupe uingie ndani na kitambaa kiwe rangi moja. Sina draya yangu, huwa naazima. Jua kali la saa saba nalo linasaidia. Suruali ya poliesta ni rahisi zaidi: acha mchanganyiko ugande kuwa kipande kama sabuni, sugulia kitambaa kikiwa kikavu, halafu pitisha pasi ya moto wa wastani juu ya karatasi. Anza magotini na makalioni, sehemu nyingine ziache zipumue.

Nafasi ya pili ni nta ya kopo ya watengenezaji wenyewe. Niseme wazi, matokeo yake ni mazuri kuliko yangu: inaingia vizuri zaidi na koti linabaki laini. Kopo la mililita 200 linatosha koti moja. Nimeishusha kwa sababu ya bei tu, maana ukijumlisha na usafiri inaweza kuzidi bei ya koti la mtumba. Ukiwa na ndugu Uingereza au Ulaya anayerudi likizo, mwagizie. Kopo liweke kwenye maji ya moto mpaka nta iyeyuke, kisha fuata hatua zilezile.

Nafasi ya tatu ni dawa ya maji ya kuzuia mvua, kama Cotton Proof ya Nikwax. Mwenye Ventile aihesabu ya kwanza, kwa sababu hiyo ndiyo inayorudisha uwezo wa kitambaa bila kukipaka nta. Inawekwa baada ya kufua, nguo ikiwa bado mbichi. Kwenye koti la nta haifai.

Kwa kufulia, Ventile na mchanganyiko wa poliesta vinataka sabuni ya mche isiyo na manukato, maji ya vuguvugu, na kusuuza mpaka povu liishe kabisa, halafu usuuze tena. Sabuni ya unga inaacha mabaki yanayovuta maji, na hapo ndipo mtu anadhani koti limezeeka. Kama maji yenu ni ya chumvi na sabuni haitoi povu, fulia maji ya mvua. Koti la nta halitaki sabuni yoyote. Litandike mezani, lipanguse kwa sponji na maji baridi, litundike kivulini. Sponji ya buku tu, na kwa koti la nta hakuna kingine cha kununua upande wa usafi.

Mkiani kabisa naiweka sprei ya silikoni ya viatu. Inameremesha siku ya kwanza, mvua ya tatu imeondoka, na nta unayotaka kupaka baadaye haishiki vizuri juu yake.

Mimi hupaka mara moja kwa mwaka, Oktoba, kabla mvua hazijaanza. Katikati ya msimu namwagia koti kikombe cha maji mabegani. Yakikimbia kwa matone, nalirudisha msumarini. Kitambaa kikigeuka cheusi mahali, nasugua kipande changu cha mchanganyiko ulioganda hapo hapo, mahali hapo tu. Na ukungu ukiota kwenye bitana, kama unavyoota huku kila Julai, napangusa kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu na kuliacha nje mpaka likauke, mbali na moto wa mkaa.