Kuogelea Kasarani: bwawa la mita 50 si la kukurupukia

Ukizoea vibwawa vya hoteli, bwawa la Kasarani, Nairobi, litakupa kazi. Bwawa hili ni sehemu ya uwanja uliojengwa kwa msaada wa China kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 4, Agosti 1987, na limekaa kimashindano: mita 50 kamili, na kando yake bwawa jingine la kupigia mbizi. Mimi nalipenda kwa hilo hasa. Lilijengewa waogeleaji.

Tofauti utaisikia kwenye mabega. Katika bwawa la mita 25, kilomita moja ina kuta 39 za kujisukumia. Hapa ni 19 tu. Kila ukuta ni pumziko dogo la mikono, na nusu ya mapumziko hayo huyapati. Halafu Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Mgeni kutoka Mombasa, hata awe hodari kwao, ataanza kuhema kabla ya kugusa ukuta wa pili.

Kosa la wengi ni kubana pumzi ili waende kasi. Hewa chafu hujaa kifuani, kichwa kinainuka kutafuta hewa, kichwa kikiinuka kiuno kinashuka, miguu inazama, na sasa unaburuta mwili mzima kama gunia. Toa pumzi polepole uso ukiwa majini, vuta kila baada ya mikono miwili, na pumzika sekunde 20 hadi 30 ukutani. Mita 50 za kwanza ziende taratibu kuliko unavyotamani.

Bwawa liko wazi, kwa hiyo Juni hadi Agosti nenda saa sita mchana au baadaye. Asubuhi maji bado yana baridi ya usiku. Kofia na miwani ya kuogelea beba zako.

Oga kwa sabuni kabla ya kuingia, tafadhali. Ile harufu kali inayowasha macho mabwawani si dawa kuzidi: ni klorini iliyokwisha kukutana na jasho na mkojo.

Na kwenye bwawa lolote mjini, simama ukingoni kwanza uangalie mistari myeusi ya sakafuni. Ikionekana kwa ukungu, usiingie siku hiyo. Usipoiona wewe, mwokoaji naye hatakuona ukiwa chini.