Vikombe vya kununua, buli la kuacha: mikono ya vyombo vya karakana moja ya ufinyanzi

Karakana moja ndogo pembezoni mwa Nairobi, ambayo sitaitaja kwa kuwa nina lalamiko juu ya chombo chake kimoja, huuza vikombe vikubwa vya chai na mabuli ya udongo yanayofinyangwa kwa gurudumu. Nilinunua vikombe vinne na buli moja, vyote vya udongo uleule na rangi ileile, na nimeona kwamba kinachovitofautisha katika matumizi ni mikono yake.

Mikono ya vikombe haikumiminwa katika kalibu. Mfinyanzi hushika bonge la udongo lenye umbo la karoti, akalowesha kiganja, kisha akalivuta kuelekea chini tena na tena hadi litoe utepe mrefu, mnene kwenye shina na mwembamba nchani. Hivyo unene hubaki juu, mahali panapobeba uzito, na mgongoni hubaki mfuo uliochorwa na kidole gumba chake; gumba la mnywaji hutua papo hapo bila kutafuta. Kiungo nacho ni safi. Mkono hubandikwa kikombe kikiwa kimeshupaa lakini bado kina unyevu: pande zote mbili huchanjwa, hupakwa uji wa udongo, kisha hubanwa huku vidole vikiegemeza ukuta kwa ndani. Baada ya hapo chombo hufunikwa kwa nailoni, kwa maana mkono, kwa wembamba wake, hutangulia kukauka na kunywea, na usipocheleweshwa huweza kupasuka kiungoni. Katika vikombe vyangu sikuona ufa hata mmoja.

Yupo atakayesema kwamba kahawa chungu ya Mombasa na Lamu hunywewa katika vikombe visivyo na mkono na hakuna anayeungua. Vile ni vidogo, hutiwa kahawa kidogo na hushikwa ukingoni. Chai ya maziwa iliyojaa kikombe cha mililita 350 haishikiki hivyo.

Buli ni habari nyingine. Mkono wake unapendeza rafuni, ila umebandikwa chini mno, na nafasi yake inatosha vidole viwili tu. Likijaa, uzito huelemea upande wa mdomo, kifundo cha mkono hulazimika kupinda ili lisibinuke, na kidole cha tatu, kisicho na pa kukaa, hugusa ukuta wenye moto. Laiti mkono ungeanzia karibu na mfuniko na kuacha nafasi ya vidole vitatu au vinne, kumimina kungekuwa kwepesi.

Kikombe kimoja ni shilingi 1,500, bei isiyo ndogo, lakini kwa oda mteja huruhusiwa kuchagua upana wa mkono, na kwa hilo ningenunua tena. Kuhusu buli, niliomba mkono upandishwe. Mhudumu alinieleza kwa upole kwamba udongo ukishachomwa haubanduliwi ukabandikwa upya, jambo ambalo ni kweli, ila juu ya kunirudishia fedha hakusema neno.