Majaketi okozi ya fundi maturubai wa Kirumba, baada ya miezi saba ziwani

Miezi saba yametumika, kwa hiyo nina haki ya kuyasifu na haki ya kuyalalamikia. Ni majaketi kumi na mbili ya rangi ya chungwa, yameshonwa na fundi mwenye vyerehani viwili kwenye kichochoro kilicho nyuma ya soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Hana bango. Ulizia fundi wa maturubai ya fuso, utapelekwa mpaka mlangoni. Bei yake shilingi 38,000 kwa moja. Sisi alituuzia 35,000, kwa sababu tulichukua dazeni na kwa sababu nilikaa kwenye benchi lake mpaka akanichoka.

Mimi nimevua dagaa miaka kumi na tisa. Mgongo ulipogoma nikahamia kwenye mzani, hapahapa Igombe. Kazi yangu ya pili, isiyo na mshahara, ni kuwasihi vijana wavae jaketi kabla ya kuingia ziwani. Tulianza watu kumi na mmoja, kila mtu anachanga elfu mbili kwa wiki za kununulia majaketi. Tumebaki watatu, na mmoja wao ni mke wangu, ambaye hana pa kukimbilia.

Waliotutoka siwalaumu. Kilichotuvunja ni majaketi ya kwanza, tuliyonunua mjini kwa muuzaji mmoja, mazuri ya kutazama, yana maandishi ya Kizungu mgongoni. Jioni moja nikachukua moja, nikalifunga mawe mawili ya mzani ya kilo tano tano, nikalitupa majini na kamba. Alfajiri navuta kamba, jaketi linatokea chini kwenye tope. Tulipolipasua, ndani mna sponji ya godoro, imekunywa maji kama andazi kwenye chai. Kijana mmoja akasema mbele ya watu wote, "Mzee, kumbe ulitaka kutuzamisha!" Watu walicheka mpaka wa mtumbwi wa jirani. Giza mbili, yaani misimu miwili ya usiku usio na mwezi tunapovua dagaa, zilipita sijamsihi mtu. Nilipima samaki, nikarudi nyumbani, basi.

Nilikwenda kwa fundi huyu kushona turubai la banda, sikuwa na habari ya jaketi. Yeye ndiye aliyeniuliza mzee mbona umenuna. Nikamsimulia. Akakata kipande cha lile povu gumu linalokuja limefungia vioo na televisheni, akakitumbukiza kwenye ndoo, akanipa nikikamue. Halikutoka tone. Halafu akaniuliza swali ambalo katika miaka miwili hakuna aliyewahi kuniuliza: "Hao vijana nyavu wanavutaje?" Ikabidi nimwonyeshe. Mtu mzima, nimesimama katikati ya maturubai, navuta wavu usiokuwepo, na yeye anazunguka na utepe wa kupimia, anatia alama ya chaki kwapani.

Sisi miaka yote tulikuwa tunauliza kwa nini hawavai. Yeye aliuliza wanafanya nini. Siku ile nilitembea kwa miguu kutoka Kirumba mpaka Pasiansi bila kukumbuka daladala.

Matundu ya mikono ameyachimba kwa ndani, kwa hiyo jaketi halishiki wavu wala halimzuii mtu kuinama. Kola ni nene, na povu la kifuani ni nene kuliko la mgongoni. Tulimvalisha mpwa wangu, akajilegeza majini, uso ukabaki juu. Mawe ya mzani pia nililifunga, usiku kucha. Asubuhi lilikuwa bado linaelea, na mnandi amekaa juu yake anaanika mabawa.

Wanaopima kitaalamu huhesabu kwa nyutoni, kipimo cha nguvu ya jaketi kumwinua mtu majini. 50 ni ya mtu anayejua kuogelea na msaada uko jirani, 100 ni ya asiyejua kwenye maji yasiyo makali, 150 ni ya maji ya wazi. Nyutoni 100 ni kama kubeba kilo kumi. Mawe yangu mawili ya mzani ni kilo kumi, lakini ni ya chuma, na chuma kikiwa majini hupungua uzito, kilo kumi zinabaki kama nane na nusu. Basi mimi nasema linaikaribia 100. Sisemi limeifikia, na fundi naye hasemi, jambo lililonifanya nimwamini zaidi.

Sasa kasoro. Filimbi ni za watoto, zikilowa zinakoroma tu. Utepe wa kung'aa ulianza kubanduka mwezi wa tatu, tukaushona wenyewe kwa uzi wa nyavu. Saizi ni moja. Kijana mwembamba likimwinua linampanda masikioni, na ndiyo maana fundi ameweka mkanda wa kupita mapajani. Mkanda huo hawaufungi. Wanasema unabana pabaya. Nimeona jaketi likiwa mto wa kulalia kambini, nimeona likiwa kiti cha bodaboda.

Kila Mei 21 mji huu unaikumbuka MV Bukoba iliyozama 1996, na Septemba 20 wenzetu wa kisiwa cha Ukara wanaikumbuka MV Nyerere iliyozama 2018. Mtumbwi wa dagaa hauna tarehe. Unachukua mmoja, unachukua wawili, matanga yanakwisha, taa za sola zinarudi ziwani. Mke wangu ndiye anayelijua daftari langu la majina, na ndiye anayenisukuma mlangoni siku ninazojifanya mgonjwa.

Filimbi na utepe vinamnyima fundi nyota moja. Kwa mengine yote mpeni kazi, ila mwambieni mapema mnataka saizi gani, na nendeni kabla ya mbalamwezi, kwa sababu dagaa hawavuliwi mwezi ukiwaka, na ndipo wavuvi wote wanapompelekea matengenezo.

La mwisho. Mwezi uliopita majaketi mawili yaliibwa kambini. Nilifoka siku nzima. Wiki ya pili nikiwa mzani, ukatia nanga mtumbwi wa mwalo mwingine, akashuka kijana nisiyemfahamu, amevaa moja lao. Nilitambua mshono wa uzi wa nyavu, ni wa mke wangu. Akanipa shikamoo, akaweka ndoo yake chini. Nikamtazama kuanzia kola kwenda chini. Mkanda wa mapajani alikuwa ameufunga. Nikampimia, nikaandika, nikamwita anayefuata.