Kihisi cha kina cha tangi: kipi ununue, na ukipangeje

Kabla ya kuuliza kihisi kipi ni bora, angalia kitakachopokea kipimo, iwe ni kidhibiti cha pampu au skrini ya ukutani, kinasoma ishara gani. Kama kinasoma miliampea 4 hadi 20, yaani mkondo wa umeme, usinunue cha volti 0 hadi 10 eti kwa kuwa ni rahisi. Volti hupungua waya ukiwa mrefu. Mkondo unafika vilevile ulivyotoka. Tena tangi kavu linasoma 4, kwa hiyo ukiona 0 tafuta waya uliokatika.

Kwa tangi la maji, namba moja yangu ni kihisi cha presha cha kuzamishwa, cha waya mbili. Hakijali povu, mvuke wala ngazi iliyomo ndani. Mita 10 za maji ni kama bari 1 ya presha. Tangi la kimo cha mita 2 lipe kihisi kinachopima hadi mita 2 au 3; ukifunga cha mita 10 na kukiacha hivyohivyo, tangi likijaa pomoni utapata miliampea 7.2 tu. Kebo yake ina mrija mwembamba wa hewa, na ncha yake ya juu ikae pakavu. Kwa dizeli, iliyo nyepesi kuliko maji, kitasoma pungufu kwa kama asilimia 15 usipokirekebisha.

Rada, inayopima kwa mawimbi ya redio, ni ya pili. Kwa kemikali na mvuke mzito ingekuwa ya kwanza, ila kwa maji ya kawaida ni anasa.

Cha mawimbi ya sauti nakiweka cha tatu, na hapa ndipo watu hukwama. Kinapima umbali kutoka juu, si kina cha maji, na karibu na uso wake hakioni kitu, mara nyingi sentimita 20 hadi 30. Tuseme kimefungwa mita 2.5 juu ya sakafu ya tangi. Weka miliampea 4 kwenye umbali wa mita 2.5, na 20 kwenye mita 0.4. Maji yakifika mita 1.05 lazima usome 12. Ukizigeuza hizo mbili, tangi tupu litaonekana limejaa na pampu haitawaka.

Boya la omu, yaani linalobadilisha ukinzani wa umeme likipanda na kushuka, linatosha kwa jenereta au gari, mradi lilingane na geji yake: kuna la omu 240 hadi 33 (kutoka tupu hadi kujaa), na la 10 hadi 180. Ukichanganya, mshale unakwenda kinyume.

Tangi la silinda lililolala lina mtego wake. Robo ya kimo si robo ya ujazo. Haifiki hata asilimia 20. Muulize muuzaji kama kihisi kinakubali jedwali la kimo na ujazo. Kama hakikubali, basi skrini ikubali, la sivyo utakuwa unaona sentimita tu na kupiga hesabu ya lita mwenyewe.