Leseni ya Windows kwa dola 70: uzoefu wangu wa Lubumbashi

Ninafanya kazi ya uhasibu nyumbani kwangu, katika komini ya Kampemba, na kompyuta ninayoitumia niliiunga mwenyewe kipande kwa kipande mwezi wa Machi 2024. Prosesa ni Ryzen 5 5600, bodi mama ilikuwa ya aina ya B450, memori ni gigabaiti 16 na diski ni SSD ya gigabaiti 500. Kila kipande nilikitafutia bei kwa wiki kadhaa, lakini kitu kimoja sikukitengea fedha, nacho ni leseni ya mfumo endeshi. Anayenunua kompyuta iliyoundwa kiwandani huwa amelipia Windows ndani ya bei bila hata kuonyeshwa, ilhali anayeunga yake mwenyewe huanza na diski tupu na swali la leseni humsubiri mwishoni, wakati mfuko umekwisha kukauka.

Linux, mfumo endeshi mwingine, ni bure na ni halali, na sina neno baya juu yake. Nimeweka Linux Mint kwenye kompyuta ya mdogo wangu anayesoma, naye huandika kazi zake zote kwa LibreOffice. Kwangu haikuwezekana, kwa sababu wateja wangu huniletea mafaili ya Sage 100, na programu hiyo ya uhasibu hutaka Windows. Zaidi ya hayo, mteja mmoja anayefanya kazi za ukandarasi migodini alitia katika mkataba wetu sharti kwamba kila programu ninayoshikia hesabu zake iwe na leseni ninayoweza kuithibitisha kwa karatasi. Kwa hiyo suluhisho la kawaida la mjini, la kumpa fundi dola 10 akarudi na kompyuta "iliyokwisha kufunguliwa", halikunifaa. Programu za kufungulia za namna hiyo kwa kawaida humtaka mtu azime kinga ya virusi kwanza, na mimi ninahifadhi mishahara na hesabu za benki za watu wengine. Siwezi kufungua mlango huo nikalala.

Katika duka la Microsoft la Marekani, Windows 11 Home huuzwa dola 139 na Pro dola 199. Dola 199 zilizidi bei niliyolipia bodi mama na memori kwa pamoja. Nilianza basi kutafuta bei ya chini, na kosa langu la kwanza lilitokana na kuamini kwamba ninachonunua ni namba. Nilikuta duka moja la mtandaoni linalouza ufunguo wa Windows 11 Pro kwa dola 18, likiandika kwa herufi kubwa kwamba ni halisi na ni wa maisha. Nililipa kwa kadi ya benki, na baada ya dakika chache nikapokea kwa barua pepe herufi na tarakimu 25 zilizogawanywa katika mafungu matano. Niliziingiza, Windows ikakubali mara moja. Ili kujiridhisha, nilifungua dirisha la amri nikaandika slmgr /xpr, nikajibiwa kwamba kompyuta imeamilishwa moja kwa moja bila kikomo. Niliridhika kabisa.

Mwezi wa Septemba, miezi sita baadaye, nilikuta maandishi ya kijivu kwenye kona ya chini ya kioo, upande wa kulia, yakinitaka niamilishe Windows. Kompyuta haikuzima wala haikupoteza faili hata moja, kwa maana Windows isiyoamilishwa huendelea kufanya kazi, ila hukunyima kubadilisha mwonekano na hukuachia maandishi hayo yakielea juu ya kila unachofungua. Nilimwandikia muuzaji mara tatu na sikupata jibu.

Hapo ndipo nilipojifunza amri ambayo ningeijua mapema ningeokoa dola 18 na aibu mbele ya mteja wangu. Unaandika slmgr /dli, na kidirisha kidogo kinatokea kikitaja njia ambayo leseni ilitolewa. Kwangu kiliandika VOLUME_MAK. Maana yake ni kwamba ufunguo wangu ulitolewa kwa kampuni au taasisi fulani iliyonunua leseni kwa jumla, ufunguo mmoja wa kuamilishia kompyuta nyingi za taasisi hiyo hiyo, na mtu akauchukua akauuza kwangu na kwa wengine nisiowajua. Microsoft inapobaini ufunguo wa namna hiyo umetapakaa, huufunga. Nasisitiza jambo hili kwa sababu lilinipumbaza: amri ya /xpr hujibu "bila kikomo" hata kwa ufunguo wa MAK, kwa hiyo haithibitishi chochote kuhusu haki yako. Ufunguo wa KMS, aina nyingine ya ufunguo wa taasisi ambao mafundi wengi huutumia, angalau hujifichua wenyewe, kwa sababu uamilishaji wake hudumu siku 180 tu na /xpr itakuonyesha tarehe ya mwisho.

Baada ya hapo nilisoma masharti ya leseni yenyewe, kurasa zote, kwa Kifaransa, kama ninavyosoma mkataba wa mteja. Mtu anayeunga kompyuta yake ana njia mbili halali za kawaida. Ya kwanza ni leseni ya OEM, ile inayotengenezwa kwa ajili ya waunda kompyuta. Bei yake huwa chini ya ile ya rejareja, lakini hufungamana na kompyuta ya kwanza inayowekwa, na kwa vitendo hiyo ni bodi mama. Ya pili ni leseni ya rejareja, ambayo unaweza kuihamisha kutoka kompyuta moja hadi nyingine ilimradi uiondoe kwanza kwenye ile ya zamani.

Kwa mtu wa Brussels huenda tofauti hiyo ni ndogo. Kwa mtu wa Lubumbashi ni kubwa sana. Hapa kwetu umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, na msimu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, radi hupiga karibu kila jioni. Mwaka 2022 niliwahi kupoteza bodi mama ya kompyuta yangu ya zamani kwa njia hiyo, usiku mmoja tu, huku stabilizeta ikiwa imechomekwa. Leseni inayokufa pamoja na bodi mama ni leseni niliyoikodi tu, hata kama risiti inasema nimenunua. Niliamua kwamba bila leseni inayohama sinunui.

Masharti hayo hayo yana kifungu kingine ambacho wauzaji hawakitaji. Leseni ya rejareja inaweza kuhamishiwa hata kwenye kompyuta ya mtu mwingine, kwa masharti kwamba anayeitoa ndiye mwenye leseni wa kwanza, anayeipokea akubali masharti, na ya kwanza iondolewe kabisa. Nilipokisoma kifungu hicho mara ya pili nilianza kuwauliza watu ninaowafahamu kama kuna yeyote mwenye Windows ya kwenye boksi ambayo haitumii tena.

Jirani yangu mmoja alinielekeza kwa papa mmoja, yaani mzee, wa Likasi, umbali wa kilomita 120 hivi, aliyekuwa akifunga ofisi yake ya sekretarieti na kupiga chapa. Alikuwa na boksi mbili za Windows 10 Pro alizozinunua mwenyewe Johannesburg, na ankara zake amezitunza katika faili la plastiki. Ndani ya boksi mna flashi ndogo ya USB na kadi yenye ufunguo. Tulikubaliana dola 70 kwa boksi moja. Nilimwomba aiwashe kompyuta yenyewe kwanza, nikaandika slmgr /dli mbele yake, na kidirisha kikaandika RETAIL. Kisha nikaandika slmgr /upk kuuondoa ufunguo, halafu tukaifuta diski nzima, kwa sababu kompyuta yenyewe alikuwa ameshamuuzia mtu mwingine na mafaili yake alikuwa amekwisha kuyahamisha.

Kabla sijamkabidhi pesa aliniuliza, "Mwana, ukiondoka na kadi hii, mimi sina ruhusa tena ya kuiweka kwenye mashine nyingine, ndivyo?" Nikamjibu, "Ndivyo, Papa, haki yote inakuja kwangu." Tuliandika hati ya kukabidhiana, ukurasa mmoja, yenye tarehe, bei, tarakimu tano za mwisho za ufunguo na sahihi zetu wawili, nami nikapiga picha ya ankara yake ya Johannesburg. Hati hiyo ndiyo niliyompelekea mteja wangu, naye aliipokea bila swali. Katika vitabu vyangu niliingiza dola 70 hizo kwenye akaunti 213 ya SYSCOHADA, utaratibu wa uhasibu tunaoufuata huku, inayohusu programu za kompyuta na tovuti, mahali ambapo zile dola 18 hazikustahili kamwe kuingia.

Faili la kusakinisha Windows 11 nililipakua kutoka Microsoft wenyewe, ambako ni bure, nikaliweka kwenye flashi ya gigabaiti 8. Ufunguo wa Windows 10 ulikubalika katika kusakinisha Windows 11. Bodi yangu ilikuwa na TPM 2.0, kipengele cha usalama ambacho Windows 11 hukidai, ndani ya prosesa, ila ilibidi niingie kwenye mipangilio ya bodi nikaiwashe, kwa sababu ilikuja ikiwa imezimwa. Anayeunga kompyuta yake na kuambiwa na Windows 11 kwamba haifai, aanze kuangalia hapo kabla hajalaumu kipande chochote.

Uamilishaji haukupita mara ya kwanza. Nilipata kosa 0xC004C008, linalomaanisha kwamba ufunguo umekwisha kutumika kwenye kompyuta nyingine, jambo ambalo ni kweli. Nikaandika slui 4, nikachagua Ubelgiji kwenye orodha ya nchi kwa sababu nilitaka kuhudumiwa kwa Kifaransa, nikapewa namba ya simu na tarakimu 63 za kusoma, mafungu tisa ya tarakimu saba saba. Niliweka yuniti za dola 5 kwenye simu nikapiga. Mashine ilizipokea tarakimu zote, ikazikataa, ikanipeleka kwa mtu. Huyo aliniuliza ufunguo huu umewekwa kwenye kompyuta ngapi kwa sasa. Nilimjibu ni moja, hii hapa mbele yangu. Akanisomea tarakimu 48, mafungu manane, taratibu, nami nikiziandika huku mdogo wangu akizirudia kwa sauti ili tusikosee hata moja. Nilipobonyeza kitufe cha mwisho, maandishi ya kijivu yakaondoka. Yuniti nazo zilikuwa karibu kwisha, na huo ndio upungufu nilioulalamikia zaidi katika njia hii: kwa leseni iliyowahi kutumika ilinibidi kutenga pia saa moja na fedha za simu.

Siku hiyo hiyo niliiunganisha leseni na akaunti yangu ya Microsoft. Hatua hii ni ya dakika mbili na wengi huiacha. Mwezi wa Februari 2025 radi ilipiga jirani na kwetu, na bodi mama ya B450 ikafa, kama nilivyokuwa nikiogopa. Niliweka nyingine ya B550, prosesa, memori na diski zikiwa zile zile. Windows iliwaka ikisema haikuamilishwa. Niliingia kwenye mipangilio ya uamilishaji, nikafungua sehemu ya kutatua matatizo, nikachagua jibu lisemalo kwamba nimebadilisha vifaa hivi karibuni, nikaingia kwa akaunti yangu na kuichagua kompyuta yangu kwenye orodha. Haikuzidi dakika tano, na safari hii sikumpigia mtu simu. Ingekuwa leseni ya OEM, huenda ningekuwa nalipa upya.

Kwa hesabu kamili, nimetumia dola 70 za leseni, dola 5 za simu na nauli ya kwenda na kurudi Likasi, nikapata Windows Pro inayouzwa dola 199 ikiwa mpya. Zile dola 18 za mwanzo sizihesabu kama bei ya Windows, kwa kuwa hazikuninunulia haki yoyote. Tangu usaidizi wa Windows 10 ulipokoma tarehe 14 Oktoba 2025, watu wengi huku wanahamia Windows 11, na naona boksi za zamani za rejareja zinatafutwa zaidi kuliko nilipotafuta mimi.

Yaya mmoja, yaani mkubwa wangu kwa umri, wa mtaa wetu, anayefungua sekretarieti yake, alinijia hivi karibuni akiwa tayari na dola 60 za kumpa muuzaji aliyemwahidi boksi "ya kweli". Tulikwenda pamoja. Boksi lilikuwepo na kadi ilikuwemo, lakini nilipomwomba muuzaji awashe kompyuta ambayo leseni ilikuwa imewekwa, slmgr /dli ikaandika VOLUME_KMSCLIENT, na alipoulizwa ankara ya kwanza iko wapi hakuwa nayo. Yaya alirudisha dola zake kwenye mkoba. Boksi la pili la papa wa Likasi bado lipo, nami nimempa namba yake.