TAHADHARI: BMW R1200GS za mtumba zenye difu mbovu na karatasi za mgeni

Wakuu, kama mnatafuta pikipiki ya safari ndefu na mmeletewa R1200GS ya kati ya 2004 na 2012 kwa bei ya kuharakisha, subirini kwanza. Wapo madalali wanaozijua kasoro za pikipiki hii kuliko wanunuzi, na wanazificha kwa maji na sabuni tu.

Anzeni na difu ya nyuma. GS haina cheni; nguvu inapita kwenye shafti hadi kwenye difu, na humo mna beringi kubwa inayobeba tairi. Beringi ikilika, sili nayo inakufa na oili inaanza kutoka. Simamisha pikipiki kwenye stendi ya kati, shika tairi la nyuma mkono mmoja juu na mwingine chini, sukuma na vuta kwa kupokezana. Tairi likicheza mkononi, usinunue kabla fundi hajaifungua hiyo difu. Weka gia huru, zungusha tairi taratibu, sikiliza mkwaruzo. Pikipiki iliyooshwa asubuhi haionyeshi uvujaji, kwa hiyo iendeshe kilomita 20 au 30, kisha pitisha tishu nyeupe pale difu inapokutana na rimu. Humo ndani mna oili kama mililita 180 tu. Hata tone dogo la kila siku linaimaliza, na difu ikikufia katikati ya Mikumi hakuna duka la kukuuzia nyingine.

Hapohapo ulizia flanji inayoshika rimu. Mwaka 2015 BMW iliziita zirudi kurekebishwa pikipiki nyingi za aina hii kwa sababu flanji ya alumini inaweza kupasuka boliti za tairi zikikazwa kupita kiasi, ikawekwa ya chuma. Boliti hizo ni tano na zinatakiwa kukazwa kwa Nm 60 (kipimo cha nguvu ya kukaza), lakini ziba-pancha wengi hukaza kwa spana na bomba. Kama bado ni ya alumini, itazame kwa tochi kuzunguka matundu ya boliti.

Za mpaka 2006 nyingi zina breki za ABS (zinazozuia tairi lisijifunge) zenye pampu ya umeme. Washa swichi bila kuwasha injini, bana breki: lazima usikie pampu ikivuma. Taa ya ABS nayo imete, kisha izimike ukianza kutembea. Isiyowaka kabisa inatisha kuliko inayobaki inawaka, maana huenda kuna mtu ameizima makusudi. Moduli yake ni ghali mno.

Ukifika gusa silinda. Zikiwa na joto, rudi siku nyingine, maana injini iliyopashwa inaficha moshi na ugumu wa kuwaka. Kilomita za dashibodi zisikudanganye, dashibodi hubadilishwa. Unene wa chini kabisa unaoruhusiwa wa diski za breki umeandikwa kwenye diski yenyewe, pima.

Karatasi ndizo zinazoumiza zaidi. Wasafiri wa nje humalizia safari Nairobi au Arusha na kuuza pikipiki iliyoingia kwa Carnet de Passages (hati ya forodha ya kupitisha chombo kwa muda bila kulipa ushuru) au kibali cha muda. Hiyo haijalipiwa ushuru. Haisajiliki kwa jina lako, na forodha wanaweza kuikamata barabarani wakati muuzaji ameshapanda ndege. Maneno ya "utaisajili taratibu" yasikubaliwe: alipe ushuru kwanza, carnet ifungwe kwa muhuri wa forodha, kadi itoke, ndipo mzungumzie bei.

Wengine huchukua namba za usajili (MC) za pikipiki iliyokufa na kuzifunga kwenye hii. Namba ya chasisi ya GS ina herufi na tarakimu 17, huanza na WB1, na imegongwa kwenye fremu mbele, karibu na shingo. Ilinganishe na kadi herufi kwa herufi, na angalia kama pana rangi mpya au alama za msasa. Kabla ya hapo, hata kishika uchumba cha shilingi elfu hamsini msitume.